Moshi wa Mwezi wa Saba

Mzee Ambokile alikuwa ameshazidharau picha za wenzake kabla hata hajazifikia. Aliingia kwenye ukumbi wa parokia mjini Iringa akiwa na koti lake la kijivu, fimbo ambayo miguu yake haikuihitaji, na miwani aliyoishusha mpaka ncha ya pua ili apate kuwatazama watu kwa juu yake. Alipita mbele ya picha ya mwezi, akaguna. Alipita mbele ya picha nyingine ya mwezi, hakuguna hata kidogo, maana aliona guno moja linatosha miezi yote miwili.

"Mwezi," alimwambia Liberatus, mwenyekiti wa chama. "Hata mbuzi anauona mwezi."

Chama chenyewe kilikuwa cha watu wachache wa Mbeya na Iringa wenye kazi isiyoeleweka kwa majirani zao. Walikuwa wakipiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyo katikati ya nyota, mafifu kiasi kwamba jicho haliyaoni hata likikodolewa mpaka kunakucha. Kamera huachwa wazi kwa dakika kadhaa juu ya kimashine kinachoigeuza polepole kufuata mwendo wa nyota, kisha hupigwa picha nyingine ya hapo hapo, na nyingine, usiku baada ya usiku. Mwishoni kompyuta huzilaza zote moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani, na kile ambacho katika picha moja hakikuwepo huanza kujitokeza. Mara moja kwa mwaka waliweka maonyesho, na kila mwaka Mzee Ambokile alipanda basi kutoka Mbalizi kwenda kuwaonyesha kwamba hawajui.

Yeye alijua. Alikuwa na studio ya picha Mbalizi tangu enzi za filamu, akiwapiga maharusi, wahitimu na watu wa pasipoti. Zaidi ya yote alikuwa bingwa wa kusafisha. Mkulima aliyekufa bila kuacha picha nyingine ila ile ya kitambulisho, Ambokile alimvisha suti na tai, akamwondolea makunyanzi, akamsimamisha mbele ya pazia la buluu, na familia ikapata picha ya kuweka juu ya jeneza. Chunusi hazikuwahi kutoka salama studioni mwake. Kisha zikaja simu zenye kamera, kila mtu akawa mpiga picha, na Ambokile akabaki na viti vitupu na pazia la buluu. Ndipo akageukia anga, ambako simu haifiki. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: picha ambayo ingefanya watu waache kumwita yule mzee wa pasipoti.

Mwaka huu aliamini ameipata. Picha yake ilining'inia katikati ya ukuta, kubwa kuliko zote: eneo la karibu na mkia wa Nge, nyota zimetulia kama chumvi juu ya kitambaa cheusi, na nebula moja nyekundu pembeni, safi, haina doa. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama nyingine zote kwa jumla.

Kisha akaona picha iliyotundikwa pembeni yake, na akacheka peke yake.

Ilikuwa ya Urvi, binti wa Vinubhai, yule mwenye duka la vipuri vya magari. Naye alikuwa amepiga eneo lile lile, mkia wa Nge. Lakini pale ambapo picha ya Ambokile ilikuwa nyeusi ti, ya Urvi ilikuwa na upinde mwembamba wa kijani, mfifu, kama kitu kilichomwagika na kufutwa nusu.

"Kamwene, mzee," alisema Urvi nyuma yake. Alizaliwa Iringa na alisalimia kama watu wa Iringa.

"Marahaba," alijibu Ambokile, kana kwamba ameamkiwa shikamoo. "Hii uliipigia wapi?"

"Ilula."

"Kwenye nyanya."

"Pembeni ya nyanya, mzee. Kuna rafiki wa baba ana shamba kule."

"Basi rafiki wa baba alikuwa anachoma mabua ya mahindi." Ambokile aliinua fimbo na kuuzungushia ule upinde duara hewani. Alipandisha sauti ili wanaokunywa soda kule mwisho nao wasikie. "Bibie, huu ni moshi. Umeutoa Ilula, umeutia fremu, umetuletea Iringa. Kesho utuletee na mvuke wa ugali."

Watu walicheka. Liberatus alicheka kuliko wote, akashika tumbo, akarudia "mvuke wa ugali" kwa ajili ya waliochelewa kusikia.

Urvi alisubiri kicheko kiishe. "Wewe hukuona kitu hapo, mzee?"

"Niliona sana. Unadhani Chunya hakuna moshi? Mimi hupigia kwa shemeji yangu, mkulima wa tumbaku. Mabani yake ya kukaushia yanafuka mpaka malaika wanakohoa. Moshi ulikaa hapo hapo ulipokaa wako. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliuosha."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Ulikuwa na umbo gani?"

"Umbo la moshi. Kama ukucha."

"Kama ukucha," alirudia Urvi taratibu, na uso wake ukabadilika. "Mzee, Chunya na Ilula ni mbali. Moshi wa kwenu na moshi wa kwetu ulipatanaje kukaa sehemu moja ya mbingu, kwa umbo moja?"

"Moshi ni moshi."

Urvi alimvuta pembeni, karibu na meza ya soda, akamweleza kwa sauti ya chini. Alikuwa ameutuma ule upinde kwa wataalamu wa ng'ambo wanaosajili nebula mpya. Walimjibu kwamba haumo katika kumbukumbu zozote, lakini picha ya mtu mmoja kwa lenzi moja haitoshi, kwani huenda lenzi imejiakisi yenyewe. Walitaka picha ya mtu mwingine, kwa chombo kingine, kutoka mahali pengine. Ikipatikana, nebula itasajiliwa kwa majina yao wawili. Isipopatikana, basi; Nge ameanza kuzama na jua, na atakaporudi mwakani mtu wa bara lingine mwenye chombo kikubwa atakuwa ameshaiona.

"Naomba picha zako ghafi," alimaliza. "Zile za kabla hujasafisha."

Ambokile alimtazama kwa juu ya miwani. "Binti, nimepiga harusi tangu baba yako hajaota ndevu. Sijawahi kumwonyesha mtu bibi harusi kabla hajapambwa. Unataka moshi wangu uje uusaidie moshi wako?"

"Kama ni moshi utaonekana ni moshi, mzee."

"Umeshaonekana," alisema, akachukua fimbo yake akatoka.

*

Kwenye basi hakulala. Lile neno "hapo hapo" lilimkaa rohoni kama mfupa wa samaki, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba alilisema mwenyewe. Kufika Mbalizi alikuwa ameshaamua. Angekwenda Chunya, amkamate shemeji yake Jailos, amfanye akiri moshi wake mbele ya simu inayorekodi, na kuirusha sauti hiyo kwenye kundi la wasap la chama. Hapo binti Vinubhai angerudi kwenye vipuri vyake.

Alimkuta Jailos uani akisuka kamba. Alikuwa kaka wa Esta, mke wa Ambokile, mtu mnene mwenye utani mzito, na hakuinuka.

"Shemeji, umekuja mchana? Nilidhani wewe ni wa usiku kama popo."

"Nimekuja kwa ajili ya moshi wako."

"Upi? Ninao mwingi."

"Wa mwezi wa saba. Ulioniharibia picha." Ambokile alibonyeza simu, akaiweka juu ya kigoda. "Sema tu ukweli, kwamba ulikuwa unakausha tumbaku."

Jailos aliitazama simu, kisha akamtazama shemeji yake, kisha akaweka kamba chini. "Njoo," alisema.

Alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye bani la matofali lenye mlango mdogo. Akaufungua. Ndani kulikuwa na giza, harufu ya tumbaku ya zamani, na kuku. Walikuwa juu ya fito za kutundikia majani, walikuwa kwenye mdomo wa tanuri, na mmoja alikuwa amelalia mayai ndani ya bomba la kupitishia moto, ametoa kichwa tu kama mlinzi wa benki.

"Tumbaku yangu inakwisha mwezi wa tano," alisema Jailos. "Ikishakwenda sokoni, bani ni la kuku mpaka msimu mwingine. Ule moshi wa mwezi wa tano nakubali. Nilikufukiza, ukanitukana mbele ya wanangu, ukaniita adui wa elimu. Nikanyamaza kwa heshima ya dada. Lakini mwezi wa saba, shemeji? Kuku wangu hawavuti sigara."

"Basi jirani yako."

"Jirani naye ana kuku. Tena wake wanataga kuliko wangu."

"Kulikuwa na watu wanachoma pori."

"Pori linachomwa mwezi wa tisa. Mwezi wa saba wewe ulisimama hapo ulipo, asubuhi, umejifunga blanketi, ukampigia dada simu ukasema hujawahi kuona anga safi namna ile. Nakumbuka vizuri kwa sababu wewe huwa husifii kitu."

Ambokile alijibu kwamba bani ni chafu. Jailos alimfungashia mayai ndani ya kiroba chenye pumba, akamsindikiza hadi barabarani, na alipokuwa akiagana naye akamkumbusha kwamba simu iliyo mfukoni bado inarekodi.

*

Picha ghafi hakuwa amezifuta. Mtu wa studio hafuti, maana bibi harusi anaweza kurudi baada ya miaka kumi kutaka nyingine. Alijifungia chumbani, akawasha kompyuta, akazitafuta zile za mwezi wa saba peke yake, bila za mwezi wa tano, akazilaza moja juu ya nyingine bila kugusa kitu.

Upinde ulikuwepo. Aliutazama kwa chuki.

Kisha akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu mwanzo. Kila usiku alikuwa ameifunga kamera upya, kwa hiyo eneo lile lilikuja safari hii kushoto mwa picha, safari ile kulia, mara nyingine limeinama. Kama ni doa la lenzi, lingebaki mahali pamoja kwenye picha. Kama ni moshi, ungetangatanga. Akazipanga picha za siku mbalimbali kandokando, akatafuta nyota mbili ndogo zilizo karibu na ncha ya upinde. Zilikuwa pale kila siku. Na kila siku, iwe kushoto au kulia, upinde ulikuwa katikati yao, umekaa kama mtu aliye kwake.

Moshi haujui nyota. Alikuwa akilijua hilo miaka yote. Angeweza kumfundisha Liberatus kwa dakika mbili. Lakini mwezi wa tano Jailos alimfukiza, na kuanzia siku ile kila kitu kidogo na kififu kilichoingia kwenye kamera yake kilikuwa kosa la Jailos. Hakuwa amechunguza. Alikuwa amechukua brashi ya kompyuta, ile ile ya chunusi, akapaka weusi polepole, kwa ustadi wa maisha yake yote, mpaka nebula ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona ikaisha. Tena akaitia fremu.

Esta aliingia na chai bila kubisha hodi. Mwanamke huyu alikuwa ameishi na dharau ya mumewe muda mrefu, akajifunza yake mwenyewe, iliyo fupi zaidi. Alitazama kioo cha kompyuta.

"Huo ndio moshi wa kaka?"

"Si moshi."

"Ahaa." Aliweka chai. "Unamkumbuka yule bibi harusi wa Tunduma?"

"Simkumbuki."

"Unamkumbuka. Alikuwa na baka shavuni, ukalifuta. Mama yake akarudisha picha zote, akasema huyu si mwanangu. Ukamwita mshamba, na mpaka leo ukisimulia unamwita mshamba."

"Alikuwa mshamba."

"Alikuwa anamjua mwanawe," alisema Esta, akatoka.

Ambokile alibaki na kompyuta. Kulikuwa na njia rahisi, na aliiona. Angezifuta zile picha ghafi, mbofyo mmoja, na hakuna mtu angejua. Urvi asingepata shahidi wa pili. Ukumbini Iringa ingebaki picha safi kuliko zote za Nyanda za Juu Kusini, na aliyeipiga angebaki na heshima yake. Akizituma, chama kizima kingejua kwamba Mzee Ambokile alifika kwenye kitu kipya kabla ya wote, akakipaka rangi nyeusi, halafu akasimama mbele ya watu kumcheka aliyekiacha. Liberatus angeshika tumbo tena.

Aliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Akatazama ule ukucha wa kijani katikati ya nyota zake mbili. Ulikuwa umepigwa vibaya. Pembeni kulikuwa na michirizi ya setilaiti, chembechembe kila mahali, weusi haukuwa weusi. Hakuna mteja angeilipia. Na ilimjia, kwa hasira zaidi kuliko furaha, kwamba katika picha zote alizowahi kupiga, za maharusi na za marehemu waliovishwa suti, hii ndiyo pekee iliyokuwa na kitu ambacho yeye hakukiweka.

Akaondoa kidole. Chai ilikuwa imepoa, akainywa hivyo hivyo, akachukua simu.

"Haloo," alisema Urvi. Nyuma yake kulisikika mtu akiulizia bei ya fani belti.

"Nakutumia. Zote, na uchafu wake."

"Asante, mzee."

"Usinishukuru. Na ile kijani yako umeizidisha. Inaonekana kama mboga iliyolala."

"Nitaipunguza."

"Ipunguze sana. Jina lako litangulie."

"Lakini wewe uliipiga mwezi wa saba. Mimi niliipiga wa nane. Wa kwanza ni wewe."

"Mimi niliipiga nikaifuta. Tangulia wewe, usinichoshe."

"Wataniuliza kuhusu picha yako ya ukumbini. Mbona haina kitu? Niwaambie nini?"

Ambokile alitazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama. "Waambie kilichotokea," alisema. "Kwa kifupi."

*

Jibu la ng'ambo lilikuja maonyesho yakiwa bado hayajafungwa. Lilikuwa jibu la mistari michache: picha mbili zinakubaliana, kitu kipo, kitasajiliwa. Urvi alilituma kwenye kundi la wasap pamoja na maelezo ya ile brashi, mafupi kama alivyoombwa. Mzee Ambokile alilisoma mara kadhaa akitafuta kosa, akaona hakuna, akaenda kulala mapema.

Jumamosi alipanda basi kwenda Iringa na bahasha kubwa kwapani. Alivaa tai. Alimwita mtu wa ukumbi, akamwamuru ateremshe ile picha safi kutoka katikati ya ukuta, kisha mwenyewe akaigeuza kwa mkono wake ikaelekea ukutani, chini, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mahali pake akatundika nyingine aliyoichapisha Mbeya siku mbili kabla. Ilikuwa na chembechembe. Ilikuwa na michirizi. Na katikati ya nyota mbili ndogo ilikuwa na ukucha mfifu, wenye kijani kidogo sana, kijani cha kiasi chake, si cha mboga. Akaenda kuketi kwenye kiti kilichoelekea hapo, fimbo katikati ya magoti.

Urvi alikuja akasimama kando yake.

Liberatus alikuwa ametoka safarini Dodoma asubuhi ile, na ilikuwa wazi kwamba simu yake haikusomwa siku nyingi. Aliingia na soda mkononi, akaona picha mpya, akaisogelea, akarudi nyuma hatua moja, na tumbo lake likaanza kutikisika kabla hajasema neno.

"Mzee," alisema, "safari hii naona moshi umekushinda."

Ambokile hakuinuka. Aliishusha miwani mpaka ncha kabisa ya pua, akamtazama mwenyekiti kwa juu yake kuanzia viatu, bila haraka, mpaka akafika usoni.

"Liberatus. Wewe umesoma mpaka chuo kikuu."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimesoma shule ya ngumbaru, usiku, kwa taa ya kandili, pamoja na wauza ndizi. Sogea hapa. Mwezi wa saba, mabani ya tumbaku ya Chunya yana nini ndani?"

Liberatus alitazama huku na huku akitafuta msaada. "Sijui, mzee. Tumbaku?"

"Kuku," alisema Mzee Ambokile, kwa uchungu wa mtu anayesikitikia taifa. "Hujui hata hilo, halafu unakuja na soda yako kusimama mbele ya nebula, unasema moshi."

Urvi alijifunika mdomo kwa mtandio, akageukia ukuta.